Darasa, Utafiti na Umma: Tarikhi ya Wadhifa wa Profesa Dar es Salaam

Mtu aulizapo profesa ameajiriwa kufanya kazi gani, jawabu lililoandikwa katika kanuni za vyuo vikuu ni fupi: kufundisha, kutafiti na kuuhudumia umma. Maneno hayo matatu yamekaa kwa amani katika karatasi, lakini katika maisha ya mtu mmoja mwenye mchana mmoja na usiku mmoja yamekuwa yakigombana tangu siku ya kwanza. Tarikhi ya ugomvi huo katika mji wa Dar es Salaam, kuanzia Mtaa wa Lumumba hadi kilima cha Mlimani, na kutoka kilimani kushukia Kinondoni, Bunju na Chang'ombe ya Temeke, yastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo kanuni hazilisemi: kwamba katika kila zama kazi moja kati ya hizo ilifanywa faradhi na nyingine zikaachwa kuwa sunna, na kwamba aliyezipanga daraja hizo aghalabu hakuwa profesa mwenyewe, bali yule aliyeushika mfuko wa mshahara.

Wadhifa wenyewe haukushuka katika nchi isiyoujua. Katika mwambao huu, kabla ya kujengwa ukumbi wa kwanza wa Mlimani, mwanachuoni alikuwa akidarsisha msikitini au barazani kwake, akitunga na kunakili vitabu, na akiendewa na watu kwa mambo ya mirathi, ndoa na mashamba ili awakatie shauri. Na kazi hizo tatu hazikuwa na milango mitatu, kwa kuwa suala lililoletwa asubuhi na mjane liliweza kuzungumzwa jioni katika darasa, na lililozungumzwa darasani likaandikiwa risala. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alisomesha, akatunga vitabu kwa Kiswahili, akatoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, kisha akashika ukadhi mkuu wa Kenya mpaka kufa kwake, wala hakuna aliyemtaka aeleze ni ipi kati ya kazi hizo iliyompa cheo. Profesa wa chuo kikuu cha kisasa alikuja na sharti jingine: yeye ni mwajiriwa, mwenye ngazi ya kupanda, na penye ngazi na mshahara hapakosi mizani.

Mizani hiyo iliwekwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita hivi kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alipofungua Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam katika jengo la chama cha TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi wasiotimia ishirini, na shahada zilizotolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha London. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt kutoka Kanada. Kuanza kwa sheria hakukuwa bahati nasibu, kwa sababu Makerere na Nairobi zilikuwa na vitivo vyao vingine, na wanasheria Waafrika wa Tanganyika walikuwa wakihesabika kwa vidole, ilhali dola changa ilihitaji mahakimu, waandishi wa sheria na wanadiplomasia kabla wino wa hati ya uhuru haujakauka. Katika hali hiyo kufundisha kulikuwa ndiyo faradhi, na utafiti ulikuwa jambo la mwenye nafasi. Ama kuuhudumia umma, hakukuhitaji kutajwa, kwani chuo chenyewe kilikuwa mpangaji katika nyumba ya chama, na mwalimu alipotoka darasani alikuwa hatua chache tu kutoka soko la Kariakoo na vibaraza vya Waswahili waliokuwa wakiungoja uhuru.

Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, takriban kilomita kumi na tatu kutoka katikati ya mji, mahali ambapo leo ni wilaya ya Ubungo lakini kwa miaka mingi palihesabiwa kuwa Kinondoni. Majengo yalikuwa mazuri, maktaba ilikuwa pana, nyumba za walimu zilienea chini ya miti, na upepo wa kusi ulifika huko. Lakini kilima kilizaa shaka ambayo haijaisha hata leo, ya kwamba wasomi wamewekwa juu ili wawatazame wenzao kutoka mbali. Nyerere mwenyewe aliitia shaka hiyo katika mfano uliojulikana nchi nzima, aliposema kwamba mtu apewaye elimu ya juu ni kama yule aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine, na kwamba asiporudi ni msaliti. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Rais aliwarudisha mamia yao majumbani, kisha akapunguza mishahara ya wakubwa serikalini akianza na wake mwenyewe. Walimu hawakuandamana, lakini ujumbe uliwafikia: nchi ilikuwa ikiwauliza wanafundisha watu wa namna gani, na kwa ajili ya nani.

Jawabu lililo kamili zaidi lilitoka katika idara ya historia. Profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, alikuwa Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963 kwa kuwaunga mkono Waafrika, na alipofika Dar es Salaam alikuta mtaala ambao ndani yake Mwafrika alikuwa akitendewa tu bila kutenda. Mwaka 1965 idara hiyo ilikaribisha kongamano la kimataifa la wanahistoria wa Afrika. Mwaka 1966 kikaundwa Chama cha Historia cha Tanzania, ambacho vijitabu vyake vidogo vya bei nafuu viliandikwa kwa ajili ya waalimu wa shule waliokuwa wakisubiri kitu cha kuwafundishia watoto mahali pa habari za wafalme wa Uingereza. Na mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu, Watanzania wa kizazi cha kwanza katika idara hiyo, wakahariri historia ya Tanzania iliyoandikwa na wasomi wa chuo hicho na wenzao. Katika vitabu hivyo profesa alikuwa ametafiti, alikuwa amefundisha, na alikuwa ameuhudumia umma kwa karatasi ile ile moja.

Lakini kilele cha zama hizo kilikuwa mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji wa mwaka 1968. Gilbert Gwassa alikuwa tayari amekwenda kusini kuwasikiliza wazee waliokuwa na kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907, na yeye pamoja na John Iliffe wakatoa mkusanyiko wa maandiko na masimulizi ya vita hivyo. Ndipo idara ikaona kwamba kazi hiyo haiwezi kuachwa mikononi mwa mtu mmoja au wawili, maadamu wazee wanakufa kila mwaka na nchi iliyopigana ni kubwa kuliko miguu ya mtafiti yeyote. Wanafunzi wakafundishwa namna ya kuuliza, namna ya kunyamaza mzee anapofikiri, na namna ya kupambanisha kauli ya mmoja na ya mwingine. Kisha wakapelekwa katika nchi za Wangoni, Wamatumbi, Wambunga na wengineo, wengi wao wakienda makwao na kuuliza kwa lugha za mama zao, na walivyoandika vikawekwa kuwa hazina ambayo wanahistoria wa dunia nzima wanaitumia hadi leo. Hapo darasa ndilo lililokuwa utafiti. Na umma haukungoja muda mrefu kupata sehemu yake, kwa kuwa Ebrahim Hussein, akiwa kijana wa sanaa za maonyesho papo hapo Mlimani, aliutumia utafiti wa Gwassa kutunga tamthiliya ya Kinjeketile iliyotoka mwaka 1969, na kwa njia ya kitabu hicho chembamba mamia ya maelfu ya wanafunzi wa sekondari, ambao hawakupata kusikia jina la Gwassa, walijua kwamba babu zao waliungana kupigana na Mjerumani na walijua pia waliungana kwa gharama gani.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilibadilisha mizani. Mwezi uliofuata ulifanyika mkutano Mlimani kujadili dhima ya chuo katika nchi ya kijamaa, na tangu hapo kuhudumia umma hakukuwa tena hiari ya mtu mwenye moyo, bali sharti lililoandikwa: somo la maendeleo likafanywa la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa kemia, na mitaala ikapimwa kwa manufaa yake kwa taifa. Walimu kadha wa kadha waliliona jambo hilo kuwa fursa. Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Mlimani mwaka 1966 hadi 1967 na tena tangu 1969 hadi 1974, aliandika hapo kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidunisha Afrika, kilichochapishwa mwaka 1972 London na Dar es Salaam, na mihadhara yake ilikuwa ikihudhuriwa na watu wasiosoma somo lake wala kudaiwa mtihani wake. Lakini ilidhihirika upesi kwamba dola iliyomtaka mwanachuoni autumikie umma ilikuwa na rai yake juu ya umma unataka kusikia nini: gazeti la wanafunzi lililoitwa Cheche, ambamo Issa Shivji, wakati huo kijana wa sheria, alitoa uchambuzi wake wa matabaka ya Tanzania, lilipigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na jumuiya iliyokuwa ikilitoa. Mwaka huo huo, tarehe 1 Julai, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu chake yenyewe, Nyerere akawa Mkuu wake, na uendeshaji wake wa kila siku akakabidhiwa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Ujumbe ulikuwa bayana.

Hata hivyo, kuwahukumu walimu wa miaka hiyo kwamba walikuwa watumwa wa siasa ni kukosa insafu, kwa sababu huduma nyingi zilizofanywa wakati huo zilikuwa na maarifa ndani yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa sehemu ya chuo kikuu mpaka mwaka 1975 na iliyobaki mjini kwenye Mtaa wa Lumumba wenzake walipopanda kilimani, iliendesha mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, vijitabu na vikundi vya kusomea, ikawafikia watu wapatao milioni 2, na watu hao hawakuishia kusikiliza, bali walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba zao na kufukia madimbwi ya mbu. Nyuma ya kampeni hiyo walikuwapo wasomi waliojaribu kwanza vijitabu na vikundi vyao kabla ya kuvipeleka nchi nzima, wakapima baadaye yaliyobadilika na yasiyobadilika, na wakayaandika. Hivyo nchi nyingine zikajifunza kutoka Tanzania namna ya kuitumia redio kuwa darasa.

Kaskazini mwa mji nako, huko Bunju, kijiji cha Wazaramo ambacho siku hizi kimemezwa na nyumba za Kinondoni, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alikaa na wanawake katika miaka ya 1960, akihudhuria ngoma na mazishi yao, na mwaka 1970 akatoa kitabu juu ya mila na ishara za jamii hiyo iliyokuwa ikibadilika. Alipofanya kazi baadaye katika idara ya utafiti wa rasilimali Mlimani, aliyoyapata Bunju yalimfikisha kwenye rai iliyokuwa ngeni katika vyuo vya Ulaya, ya kwamba mtu anayetafitiwa ana haki ya kuwa mtafiti pia, kuchagua suala na kulijua jawabu kabla ya msomaji wa mbali; na katikati ya miaka ya 1970 rai hiyo ikatekelezwa katika wilaya ya Bagamoyo kwa mradi wa Jipemoyo, ambao ndani yake wasomi wa Kitanzania na wa Kifini walikaa na wanakijiji na kutafiti pamoja nao. Utafiti shirikishi, ambao leo hutajwa na mashirika makubwa ya dunia kana kwamba ulizaliwa maofisini mwao, una sehemu ya nasaba yake katika vijiji vya pwani vinavyopakana na Dar es Salaam.

Kazi ya lugha ilikwenda njia yake yenye subira. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki iliingizwa katika chuo mwaka 1964 ikawa taasisi ya uchunguzi, ikajulikana baadaye kwa jina la TUKI. Idara ya Kiswahili ikaanzishwa mwaka 1970 na kufundisha kwa Kiswahili chenyewe hadi shahada za juu. Na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo hakuna mwalimu wa shule ya msingi ya Temeke wala mhariri wa gazeti la Nairobi aliyeweza kufanya kazi bila ya kuifungua. Kamusi haimpandishi mtu cheo upesi, kwani huchukua miaka mingi na majina ya watungaji wake hufichwa nyuma ya jina la taasisi. Lakini ukiuliza ni kitabu gani cha Mlimani kilichoingia katika nyumba nyingi zaidi, si rahisi kukipata cha kukishinda.

Katika miaka ya 1980 kazi zote tatu ziliyumba kwa pamoja. Tayari Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limetaka wanafunzi wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuoni, na tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi walikuwa wameandamana kupinga marupurupu ya viongozi na mamia wakafukuzwa. Lakini lililowavunja walimu halikuwa siasa, lilikuwa kilo ya mchele. Baada ya vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na kuporomoka kwa shilingi, mshahara wa profesa haukuweza kuilisha nyumba yake hata kwa nusu ya mwezi, na katika mabanda ya nyuma ya nyumba za Mlimani na katika viwanja vya Changanyikeni, jirani na chuo, wakaonekana kuku wa mayai na nguruwe wakifugwa na watu wenye shahada za uzamivu. Wengine wakaendesha teksi, na wengine, akiwamo baadaye mtunzi Euphrase Kezilahabi, wakenda kufundisha Botswana. Maktaba haikupokea majarida, maabara zikakaa bila kemikali. Yule mwalimu aliyebaki na kuingia darasani kila asubuhi, akifundisha kutoka daftari lake la zamani kwa kuwa hapakuwa na kitabu kipya, huenda hakuandika hata makala moja katika miaka hiyo, na kwa mizani ya leo angehesabiwa kuwa hakufanya kitu. Lakini kama asingeingia darasani, madaktari, wahandisi na mahakimu walioiendesha nchi katika miaka ya 1990 wasingepatikana.

Kutoka katika dhiki hiyo ndiko walimu walikojaribu, kwa mara ya kwanza, kuzipanga wao wenyewe daraja za wajibu wao. Aprili 1990 jumuiya yao, UDASA, pamoja na jumuiya za wanataaluma wa vyuo vingine nchini, ilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na uzito wake u katika kuviunganisha viwili hivyo: haikudaiwa kwamba msomi aachwe afanye apendavyo, wala haikukubaliwa kwamba serikali imwambie la kufanya, bali ilisemwa kwamba uhuru wa kutafiti na kufundisha hutolewa ili umma upate kuujua ukweli, na kwamba msomi anayeukalia kimya ukweli huo ameivunja ahadi yake. Mwezi uliofuata serikali ilikifunga chuo kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi, jambo lililowaonyesha walimu jinsi walivyohitaji kulisema hilo.

Mwaka 1991, kwa ajabu ya nyakati, serikali hiyo hiyo chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikamteua Issa Shivji, sasa profesa wa sheria, kuongoza tume ya kuchunguza migogoro ya ardhi. Tume ilizunguka nchi nzima kwa mikutano ya hadhara, ikawasikiliza wafugaji, wakulima waliohamishwa na vijiji vya ujamaa, na wakazi wa pembezoni mwa miji waliouziwa kiwanja kimoja watu watatu, na mwaka 1992 ikatoa taarifa iliyopendekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondoke mikononi mwa Rais na yawekwe katika vyombo vya wananchi. Pendekezo hilo halikufuatwa katika sheria za ardhi za mwaka 1999. Lakini taarifa ikawa kitabu cha kufundishia, ushahidi wa vijijini ukaingia katika semina za kitivo cha sheria, na mwaka 1994 ikazaliwa taasisi ya HAKIARDHI kuendeleza hoja iliyokataliwa. Hapa pana tofauti kubwa kati ya profesa na mshauri wa kuajiriwa: mshauri akikataliwa ushauri wake hufunga faili, ilhali profesa hurudi nao darasani, na baada ya miaka kumi wapo mahakimu na mawakili wanaoujua.

Tofauti hiyo ilianza kufifia katika miaka hiyo hiyo. Mageuzi ya uchumi yalileta wafadhili, wafadhili wakaleta miradi, na miradi ikaleta ushauri elekezi, yaani tathmini ya wiki tatu yenye malipo yanayopita mshahara wa miezi mingi. Chini ya Profesa Matthew Luhanga, aliyekiongoza chuo tangu 1991 hadi 2006, mageuzi makubwa ya uendeshaji yalifanywa, majengo yakakarabatiwa na mapato yakapatikana nje ya bajeti ya serikali, na hakuna mwenye haki anayeweza kumlaumu mhadhiri aliyesomesha watoto wake kwa fedha hizo baada ya miaka ya kuku na nguruwe. Lakini suala la utafiti lilikuwa limeanza kuandikwa na mwenye fedha, ripoti ilikuwa mali yake, na mara nyingi iliishia kabatini kwake bila mwanafunzi wala jirani kuiona.

Hata utafiti uliokuwa safi, wenye suala lililotoka mlangoni mwa watu, ulivutwa mbali na watu hao. Mwaka 1999 wanakemia wawili wa Mlimani walichapisha uchunguzi wa madini mazito, kama risasi na kadimiamu, katika mboga za majani zilizopandwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Ni utafiti wa thamani kubwa, kwani mchicha huo ndio uliokuwa ukifungwa mafungu na kuuzwa katika magenge ya Manzese, Tandale na Magomeni. Lakini ulitolewa kwa Kiingereza katika jarida la kitaalamu la Ulaya, kwa sababu hapo ndipo kamati ya kupandisha vyeo inapotazama, na muuza mchicha hana njia ya kufika huko. Lawama si ya wanakemia hao, waliofanya yaliyowapasa. Lawama ni ya mizani inayoihesabu makala na kutoihesabu siku ambayo mtafiti angekaa na wakulima wa bondeni akawaeleza alichokikuta katika maji yao.

Lakini kilima hakikuendelea kuwa peke yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuongozwa kwanza na Profesa Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati aliyekuwa ameongoza Mlimani kabla ya Luhanga, kiliweka makao yake Kinondoni na kuwafuata wanafunzi walipo, karani katika ofisi yake, mwalimu katika shule yake, hata mfungwa gerezani. Na profesa wake alipaswa kuandika kitabu cha kufundishia kabla ya kuandika makala, kwa kuwa pasipo kitabu hicho hana darasa. Huko Mikocheni, Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilichoanzishwa mwaka 1997 kilipata kuongozwa na Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari na bingwa wa magonjwa ya watoto, ambaye mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waasisi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake, kilichokuja kuwapima maelfu ya wanawake saratani ya matiti kwa kuwafuata mikoani.

Na huko Chang'ombe, wilaya ya Temeke, mwaka 2005 Chuo cha Ualimu kilichokuwapo kwa miaka mingi kilifanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Dar es Salaam, kwa sababu moja isiyofichika: serikali ilikuwa imeanza kujenga shule za sekondari za kata kwa kasi na walimu hawakuwapo. Temeke, wilaya ya viwanda, bandari na mitaa ya wafanyakazi, ikawa na maprofesa wake, na maprofesa hao wakakabidhiwa madarasa ya mamia ya wanafunzi, ambayo kuyasahihishia mitihani peke yake humaliza mwezi. Katika hali hiyo faradhi ilirudi pale ilipokuwa Mtaa wa Lumumba mwaka 1961, yaani darasani. Lakini ngazi ya vyeo ilibaki ile inayodai machapisho, na mwalimu wa Chang'ombe akajikuta anaajiriwa kwa hitaji moja na kupimwa kwa jingine.

Hiyo ndiyo hali tuliyo nayo. Mhadhiri atakaye kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa, hujua kwamba machapisho yake yatahesabiwa moja moja, kwamba ufundishaji wake utatazamwa kwa tathmini za wanafunzi, na kwamba huduma yake kwa umma itapewa mistari michache mwishoni mwa wasifu wake, ikichanganywa na kamati alizokaa na sherehe alizozihutubia. Tarikhi iliyoelezwa hapa haimpi mtu huyo orodha ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa kuwa kila orodha iliyowahi kutungwa iliishi umri wa mtungaji wake tu. Inampa njia ya kuchagua kazi: mradi wa Maji Maji, utafiti shirikishi uliochipuka Bunju, kamusi ya TUKI na tume ya ardhi zilidumu kwa sababu kila moja ilikuwa kazi moja inayojibu madai matatu kwa wakati mmoja, na zile zilizotenganishwa, mhadhara usio na utafiti, makala isiyo na msomaji wa karibu, ushauri usio na mwanafunzi, ndizo zilizosahauliwa kabla ya watungaji wake kustaafu. Kamati ya vyeo ingeweza kuyaingiza mafunzo hayo katika fomu zake bila gharama yoyote, kwa kuuliza juu ya kila chapisho ni wanafunzi wangapi walilishiriki, na ni wapi wale waliotafitiwa wanaweza kulisoma kwa lugha yao. Na ikiwa hata hivyo ni lazima moja litangulie, basi na litangulie darasa, kwa kuwa profesa mmoja hawezi kuzunguka bonde lote la Msimbazi wala vijiji vyote vya kusini, lakini wanafunzi mia mbili wa Chang'ombe, kila mmoja akifundishwa kuuliza na kuandika anaporudi mtaani kwake, wanaweza.